Kiti Nilichokijua Kabla ya Kukinunua

Nimekosa. Nasema mapema kabla hujaniuliza, na sitaki mtu anitetee. Ukisoma mpaka mwisho ukaona nalilia kiti tu, basi wewe hukulelewa na watu.

Mimi ni bibi mwenye wajukuu, naishi Garsen tangu nilipoolewa. Shule nilikwenda kidogo nikatolewa nilee wadogo zangu. Haya nayaandika mwenyewe kwenye simu, kwa kidole kimoja, siku ya tatu leo. Jina silitaji. Garsen ni ndogo, watakaonijua watanijua, na wanijue.

Nilizaliwa Kau, huko chini mto unakokaribia bahari. Kwetu hatukuwa na kitu. Nyumba ya pili kutoka kwetu alikaa shoga yangu, tumekua pamoja, tumesoma chuoni pamoja. Nitamwita Zuhura, na silo jina lake. Kwao walikuwa na kiti cha enzi.

Nyinyi wa siku hizi mnasikia tu. Hiki kilikuwa kiti cha mpingo, kipana, kizito, mgongo umesukwa kwa uzi, mikono imechongwa maua. Na juu ya mikono wamepachika vipande vya mfupa mweupe, vidogo kama punje za mahindi, vimepangwa safu mpaka mwisho.

Kile kiti hakikukaliwa ovyo. Kilikuwa cha kuazimwa. Kila msichana aliyeolewa kijijini, siku ya kuonyeshwa kwa wanawake alikaa hapo. Arusi ikiisha kinarudi kimepanguswa, kimefukizwa udi, na sahani ya halua juu yake. Hapakuwa na malipo wala karatasi. Ulikiazima, unakirudisha.

Nami nilikikalia. Nimefunikwa shela, mikono imejaa hina, wanawake wanapiga vigelegele, na mimi naogopa hata kumeza mate. Kidole gumba changu kikaanza kuchokoa kipande cha mfupa, kile cha mwisho kabisa, mkono wa kulia. Nikachokoa, nikachokoa. Kikatoka! Kikadondoka chini ya mkeka, nikanyamaza.

Kesho yake mama yake Zuhura akaona pengo. "Nani kanichokolea kiti changu?" Zuhura ndiye aliyefagia chumba kile. Hakusema neno, wala mimi sikusema. Liweke hilo akilini, nitalirudia.

Tangu siku ile nilikitaka kile kiti. Hapa Garsen nimepitia kila aina ya kiti. Cha kamba, cha plastiki, na makochi ya sponji aliyoniletea mwanangu, ambayo mwaka wa pili ukikaa yanakumeza mpaka uvutwe na watu wawili. Na kila nikikaa, moyo wangu uko Kau.

Halafu mto ukavunja kingo. Mliona wenyewe. Kau maji yaliingia mpaka madirishani. Zuhura alitoka kwa mtumbwi na wajukuu wake na kisanduku kimoja kidogo cha bati chenye vyeti. Wakapelekwa juu, kwenye mahema. Mimi kwangu maji hayakufika.

Maji yaliposhuka, hapa Garsen akaja mtu kufungua stoo ya vitu vya zamani. Si wa huku. Milango ya nakshi, masanduku ya misumari ya shaba, vinu, viti. Watu wa mahoteli wanamjia kwa magari.

Wakati huohuo tukapata habari kuwa kuna watu wa Mombasa wanakuja kumposa mjukuu wangu. Nikasema, wageni hao sitawakalisha kwenye plastiki. Nikajifunga buibui nikaenda stoo.

Yule mtu akanitolea kiti cheusi kinang'aa. "Bi mkubwa, hiki ni antiki. Cha miaka na miaka."

Nikakiinua kwa mkono mmoja. "Mpingo gani huu mwepesi kama kikapu?"

"Umekauka, bi mkubwa."

Nikakipindua. Misumari! Nikapitisha kidole, kikatoka cheusi. "Umekipaka rangi ya viatu. Na hapa umesugua kwa msasa kionekane kikuukuu. Mwanangu, kiti cha kweli hulika pale mkono wa mtu unapolala, hakiliki kila mahali sawasawa kama sabuni."

Akacheka. "Wewe ungekuwa fundi."

"Na wewe ungekuwa na haya."

Kumbe ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya kuondoka. Sikuondoka. Nikaona kingine nyuma ya milango, kimefunikwa gunia.

Nilikiangalia kama ninavyoangalia kiti chochote. Nikakiinua, hakikuinuka. Nikapiga magoti nikatazama chini, vigingi vya mti, hakuna msumari hata mmoja. Nikanusa maungio. Nikatafuta unga wa mdudu, hakuna. Kwenye michongo ya miguu kulikuwa na tope kavu, na kwenye mikono alama ya kamba, kama mtu alikifunga mahali kwa nguvu. Nikakaa, hakikulia hata kidogo.

Kisha mkono wangu wa kulia ukalala mahali pake, na kidole gumba kikaingia kwenye pengo.

Sikushtuka. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Nilikaa tu, kidole ndani ya lile pengo, kama mtu aliyefika kwake.

"Umekitoa wapi hiki?" nikamuuliza.

"Mto umeleta."

"Mto huleta magogo."

"Bi mkubwa, kwani unanunua kiti au unanunua habari?"

Nikasema nanunua kiti. Nilitamka kwa mdomo huu. Nilitoa mbuzi wangu na akiba yangu, kikaja nyumbani juu ya mkokoteni. Nilijiambia, nisipokichukua mimi kitakwenda hotelini. Nilijiambia nitamrudishia akipata nyumba. Unajua mtu anavyojiambia.

Jirani yangu Muorma, yule mama wa maziwa, akasimama mlangoni kukitazama. "Mama, kiti hii mbao tupu. Wewe toa mbuzi kwa mbao?"

"Ni kiti cha enzi."

"Haya. Lakini mbuzi iko na maziwa."

Nikakisafisha. Tope nikalitoa kwa mswaki, ufito kwa ufito. Alama ya kamba nikaisugua kwa mafuta ya nazi mpaka ikapotea. Uzi wa mgongo nikausuka upya mwenyewe. Pengo nikaliacha. Sijui kwa nini.

Baada ya wiki nikaenda mahemani kumpelekea Zuhura unga na sukari. Tukakaa kwenye mkeka. Akanihesabia vilivyokwenda, kuku, godoro, mashine ya kushonea. Kisha akasema:

"Na kile kiti, shoga. Nilikifunga kwa kamba juu ya boriti. Maji hayakukifikia, yaligusa miguu tu. Niliporudi nyumba ipo, boriti ipo, kamba imekatwa kwa kisu."

Nilikuwa na kikombe mkononi. Nikanywa chai.

"Waliopita na mtumbwi," akasema. "Mimi simtaji mtu. Nataka Mungu awasahaulishe hata njia ya kwao."

"Amin," nikasema.

Nilisema amin! Nikaaga, nikarudi nyumbani, na kiti kiko sebuleni kinanisubiri.

Watu wa Mombasa walikuja. Mzee wao alikaa pale, akapapasa mikono ya kiti, akasema hii ndiyo nyumba ya watu wenye asili. Nikachekacheka. Posa ikakubaliwa. Mjukuu wangu akaolewa akaenda zake.

Idd iliyofuata Zuhura akaja kunisalimu. Sikumtarajia, miguu inamsumbua, na sikuwa nimekihamishia chumbani kama nilivyokuwa nikifanya nikisikia anakuja. Akaingia, akasimama. Nikamwambia, "Karibu, kaa."

Alikitazama kiti. Mimi nikatazama birika.

"Kiti kizuri, shoga."

"Nilikinunua."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu tu. Hapa Garsen."

Akasogea, akaweka mkono wake juu ya mkono wa kiti, pale mwisho, upande wa kulia. Akautoa. Kisha akashuka chini, akakaa mkekani, akavuta sahani ya mahamri. Tukaongea habari za wajukuu. Hakukigeukia tena mpaka alipoondoka.

Angenitukana ningemjibu. Nina mdomo mimi, kila mtu anajua. Hakunipa nafasi.

Ikapita miezi. Nikasema moyoni ameshasahau, au hakukijua, macho yake si mazuri. Kumbe siku moja asubuhi nafagia ua, tuktuk ikasimama. Zuhura akashuka, kajitanda leso mbili mpya.

"Shoga, nimekuja na haja."

"Sema."

"Mjukuu wangu anaolewa. Ijumaa tunamwonyesha. Nimekuja kuazima kiti."

Hapo ndipo ningesema. Ningesema kichukue, ni chako, nisamehe. Maneno manne. Mdomo wangu ulifunguka, na unajua ulitoa nini?

"Mkirudishe kama kilivyotoka."

Wallahi nilimwambia hivyo. Mwenye kiti! Akaniinamishia kichwa kama mkwe. "Inshallah," akasema. "Kitarudi."

Vijana wa ile tuktuk wakakibeba. Sebule ikabaki na alama nne sakafuni. Arusini sikwenda, nikasingizia goti. Nilikaa ndani nikiomba kitu kimoja tu, wasikirudishe. Wakae nacho. Nami nitapiga kelele kidogo mbele za watu, kisha nitanyamaza, na mambo yataisha yenyewe bila mimi kufungua mdomo.

Jumatatu asubuhi kikarudi.

Kimepanguswa, kinanuka udi. Juu yake sahani ya halua, imefunikwa kitambaa cheupe. Kama zamani, hakuna kilichopungua. Kijana wa tuktuk akasema, "Bibi anakusalimu. Anasema ahsante kwa kuwaazima."

Nikaitoa sahani, nikakaa. Mkono wangu wa kulia ukaenda mahali pake wenyewe. Kidole hakikuingia.

Nikainama nikaangalia. Pengo limezibwa. Si kwa nta wala kwa mti mpya. Kile kipande chenyewe cha mfupa, kimekuwa rangi ya jino la mzee, kimebandikwa kwa gundi, kimekaa sawa. Kile nilichokichokoa mimi siku ya arusi yangu.

Basi alikiokota alipofagia. Alijua ni mimi, tangu tukiwa wasichana, na hakumwambia mama yake. Alikiweka miaka yote hiyo. Mto ulipokuja akatoka na kisanduku kimoja cha vyeti, na kile kipande kilikuwa mle ndani, mahali pengine kisingepona.

Sikulia. Nilikwenda kuchemsha chai, ikachemka ikamwagika, nikatazama moto ukizimika.

Siku ileile nikakodi tuktuk, nikapakia kiti, nikampelekea. Sasa anakaa kwenye kijumba cha udongo juu kule, na mlango wa bati. Nikamwambia yote. Stoo, gunia, pengo, ile amin. Nilisema haraka kama mtu anayetema kitu kichungu.

Alinisikiliza huku anachambua mchicha. Hakuinua kichwa.

"Nimesikia," akasema.

"Basi kichukue. Ni chako."

"La."

"Zuhura, kichukue!"

"Punguza sauti, mtoto yuko ndani." Akatupa mizizi ya mchicha. "Nikikipokea leo, watu watauliza kilifikaje kwako. Nitasema nini? Mjukuu wangu ataambiwa siku yake alikalia kiti cha wizi. Yule mtoto hana kitu, ana siku ile moja tu. Sitamharibia."

"Na mimi nifanye nini nacho?"

"Kaa nacho. Si ulikitaka?"

Hakusema kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira.

"Mimi nimeazima," akasema, "na mimi nimerudisha."

Akainuka kwenda kuosha mchicha wake. Nikasubiri pale nje mpaka dereva akaanza kupiga honi.

Siku hizi tukikutana ananisalimu vizuri mno, "Shikamoo bibi," mbele za watu, na sisi ni rika moja. Shoga haniiti tena. Kwangu haji. Idd iliyopita nilipika mahamri ya watu wawili kwa mazoea.

Sasa nyinyi mnaopenda viti vya kale, nisikilizeni, maana naona imekuwa mtindo, kila mwenye nyumba mpya anatafuta cha nakshi. Kuchagua ninajua. Kiinueni, kipindueni, tafuteni msumari, nuseni mti, angalieni mkono wa kiti umelika wapi. Yote hayo ni sawa, na yote hayo mimi niliyafanya. Lakini ukiona kumelika pale mkono unapolala, jua kuna mkono uliopamaliza. Uliza wa nani. Muuzaji akicheka, toka. Na kama unajua tayari, kama kidole chako kinajua, basi usikae hata kujaribu.

Kiti kipo sebuleni. Hakuna anayekikalia. Wageni nawatandikia mkeka, wakiniuliza nasema kimelegea, na hakijalegea, kitanizika hicho. Jioni nikipita karibu nakigusa pale mwisho, upande wa kulia. Kidole kinatafuta pengo. Halipo.