Mlenda wa Mahame

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, mdogo wangu Yohana alikaa kwenye kizingiti cha tembe yetu akamsalimia babu. "Mbukwa, babu," alisema, akasogea kumpisha. Babu alikuwa amezikwa kabla Yohana hajazaliwa. Macho ya mtoto yalikuwa meusi yote, midomo imekauka na kupasuka, na vidole vilichuma hewani vitu ambavyo hatukuviona. Mimi nilikuwa nimelala karibu na mlango, naona siafu wakipanda ukutani, na siafu hawakuwepo. Kabla jua halijazama Yohana alinyamaza. Hakusema tena.

Waliosimama uani walisema wafu wamekuja kuchukua chao. Halafu wakamtazama mama.

Nirudi nyuma kidogo, maana ukianzia hapo na wewe utaamini walichoamini wao.

Kwetu Ugogoni, mvua zikikaribia kwisha, wanawake huingia porini kuchuma mlenda. Wanauanika juu ya paa la tembe, ukikauka wanautwanga, na unga wake ndio mboga ya kiangazi chote. Maji yakichemka na magadi kidogo, unanyunyiza unga kwa mkono mmoja, kwa mwingine unapekecha, unatia karanga zilizopondwa, unakula na ugali wa uwele. Kupika si kazi. Kazi ni kuchambua. Mama yangu, Sechelela, alichambua jani kwa jani kabla ya kuanika, na alitukataza kugusa chochote kilichoota kwenye mahame, pale walipokaa wazee wetu kabla ya watu kuhamishiwa vijijini. Mazizi yao yalibaki na samadi, kwa hiyo majani ya pale yananona kuliko ya kwingine. Tuliambiwa mvua zikikatika wafu hurudi kwenye mazizi yao, na anayechuma pale atakula nao sahani moja. Tuliogopa, tukapita mbali.

Nilipovunja ungo mama akanipeleka mwenyewe. Akanionyesha mnanaha, maua meupe marefu kama tarumbeta, tunda lenye miiba, umesimama katikati ya mlenda kama mgeni aliyejikaribisha.

"Mzimu wenyewe ndio huu," akasema. "Ni sumu, anayeula huona wasiokuwepo. Lakini mtoto haogopi jani. Anaogopa wafu. Basi tunamwambia wafu."

Sikusoma mwanangu, niliishia darasa la nne, lakini hilo nililielewa siku ileile.

Ikaja miaka ya ruksa. Duka la ushirika lilifungwa, mitumba ikaingia, na kila mwenye baiskeli akawa mfanyabiashara. Lazaro Ndahani, mtu wa kijijini kwetu, akaona kwamba watu wa ofisini Dodoma wanapenda mlenda lakini hawana muda wa kuchuma. Wanawake wa kwetu walimletea uliochambuliwa, akasema wanachelewa. Akaleta vibarua kutoka mbali, watu wasioyajua majani yetu, akawapa miundu na magunia. Niliwaona kwa macho yangu nikienda kuteka maji. Walikuwa kwenye zizi la babu yangu, wanafyeka kila kilicho kijani, maua meupe yakiwemo. Aliyewaruhusu kuingia pale ni Malogo, mwenyekiti wa kitongoji. Yeye na Lazaro walikuwa wanashirikiana, hilo halikufichwa. Majani yakakaushwa, yakapelekwa mashine ya kusaga. Likishakuwa unga jani halina sura tena.

Binti wa Malogo alipopata kipaimara, Lazaro alitoa mboga ya sherehe. Mama alifika amechelewa, watoto tumeshaanza kula. Akachota kwa kidole, akanusa, hakula.

"Lazaro, mlenda huu umetoka wapi?"

"Umetoka kwenye gunia, mama Yohana."

Watu wakacheka.

"Na gunia limetoka wapi?"

"Wewe nawe. Mlenda nao unaulizwa ukoo? Unataka kuuoza?"

Wakacheka zaidi. Mama hakucheka. Akasema, "Kama umetoka kwenye mahame, wenyewe wataudai." Akatushika mkono mimi na Yohana akatutoa. Yohana alikuwa ameramba bakuli.

Wengi waliugua siku ile. Wengine walivua nguo njiani, wengine walizungumza na mama zao waliokufa, mzee mmoja alichunga ng'ombe asio nao. Wote walipona isipokuwa Yohana, aliyekuwa mdogo kuliko wote.

Malogo akaitisha mkutano. Hakuuliza mboga imetoka wapi. Aliuliza nani hakula. Aliuliza nani alisema wenyewe wataudai. Maneno aliyotuonyea mama yakageuzwa kuwa maneno aliyotulogea, na watu waliocheka na Lazaro ndio waliopiga kelele za mchawi. Nilisimama nikasema kwenye zizi la babu kuna visiki vya mnanaha vilivyokatwa kwa mundu, twendeni mkaone. Malogo akasema, "Binti, kaa chini, wakubwa wanaongea." Hakuna aliyekwenda. Lazaro alikuwepo, amekunja mikono. Kesho yake magunia yaliyobaki yalikuwa yameondolewa.

Mama alifukuzwa kabla hatujamaliza matanga ya mwanawe. Akaenda Bahi kwa kaka yake, akapalilia mpunga wa watu mpaka alipokufa. Hakuruhusiwa kuja kuliona kaburi la Yohana.

Siku hizi naona mlenda unauzwa Nkuhungu, Dodoma mjini, kwenye vipakiti, na wewe mwanangu unanunua kwa sababu una haraka. Sikulaumu. Ila nakuomba, ukiweza kuchuma, chuma mwenyewe, na ukichuma, chambua. Ukinunua, nunua kwa mtu anayeweza kukuambia ameuchuma wapi, na akikujibu kwa mzaha rudisha kipakiti. Na siku watu watakapokuambia mizimu imeua, usibishane nao kuhusu mizimu. Uliza nani alishika mundu, nani alimtuma, na kwa nini mkutano umeitishwa na yeye. Mwenyezi Mungu akupe pua ya mama yangu, na akupe watu watakaokusikiliza, maana yeye hakuwapata.

Malogo ameshakufa, sina la kumwuliza. Lakini Lazaro Ndahani yu hai. Anakaa Miyuji, Dodoma hiyohiyo, kwenye nyumba yenye geti, ni mzee wa kanisa, na Jumapili watu wanampa shikamoo. Mimi sitaki chochote chake. Nataka arudi kijijini, asimame pale pale aliposimamishwa mama yangu siku ya mkutano, mbele ya wale waliobaki, ajibu lile swali alilojibu kwa kicheko. Lazaro, gunia lilitoka wapi?