Siku Niliyojisifu Mbele ya Okestra

Owuor, kaka wa mke wangu, ameshaisimulia habari hii kwa kila muuza samaki wa Asembo Bay, tena kwa namna ya kujitoa lawamani, kwa hiyo afadhali niiseme mwenyewe: ndiyo, ni mimi niliyesimama katikati ya muziki wa watu nikajisifu, na aibu yake bado ninayo.

Binti yangu Akinyi ni mpigaji ngoma. Okestra ya Nairobi ilikuja Kisumu na muziki ambao mtu mmoja husimama mbele na ngoma zake, marimba na vyuma, na okestra nzima ikimwitikia, na mtu huyo alikuwa Akinyi. Mahali pamoja kiongozi angemwachia apige peke yake, kitu alichokitunga mwenyewe nyumbani kwetu Migosi. Akikipiga vizuri, wangemchukua Nairobi.

Mimi huuza vipuri vya baiskeli Otonglo. Shule sikufika mbali, lakini jambo nisilolijua hulisoma kwanza, na habari za okestra nilizisoma kwenye simu mpaka mke wangu akalalamika. Ndiyo maana niliamua tukae mstari wa mbele kabisa (uamuzi mdogo, yote yalianzia hapo), nimweleze Owuor vizuri.

"Usipige makofi mpaka yule mwenye kijiti ageuke," nilimwambia.

"Na kukohoa?"

"Kohoa sasa."

Akakohoa.

Muziki ukaenda vizuri, mpaka fidla zikanyamaza, kiongozi akashusha kijiti, na Akinyi akaanza kuigusa ngoma kubwa kwa ncha za vidole, polepole mno. Hapo nikachanganyikiwa. Sehemu yake niliitegemea ije kwa kishindo (nani anaachiwa ukumbi mzima halafu ananong'ona?), kwa hiyo hii haikuwa hiyo, basi ilikuwa nini? Katika yote niliyosoma sikuona jibu, ila miguu yangu ililijua. Kwetu, wenzake mpigaji wakinyamaza na ngoma ikishuka hivyo, huo ni mlango wa pakruok: mtu anasimama, anajisifu, anamsifu mpigaji, mpigaji anamjibu kwa pigo moja zito na muziki unaendelea, na asipojibiwa ni kama amevuliwa nguo mbele za watu. Nikawaza kwamba watu wa Nairobi wameiheshimu desturi yetu, nikaona hakuna anayesimama ilhali baba mzazi yupo, nikasimama.

"Mimi Okelo wa Otonglo, kiboko, nikioga ziwa linashukuru. Huyo ni wangu."

Akinyi akaniangalia. Vidole vyake vikatulia. Kabla sijajua la kufanya, Owuor naye alikuwa wima.

"Mimi Owuor wa Asembo, samaki mbuta aliyekataa sufuria. Huyo ni mpwa wangu."

Akina mama wa kanisa letu wakapiga vigelegele. Kiongozi akageuka kutazama kuna nini, na Owuor, kwa kuwa mwenye kijiti amegeuka, akapiga makofi. Kisha kimya, sisi wawili tumesimama. Akinyi akachukua fimbo, akapiga pigo moja, puu, na papo hapo fidla zote zikaingia. Tukaketi tumeridhika, ingawa niliendelea kuingoja ile sehemu yake, nikaingoja, muziki ukaisha haijafika.

Nje nikamkuta Akinyi anazifunga fimbo zake kwa kitambaa.

"Mbona hawakukupa sehemu yako?"

"Walinipa, Baba. Nilikuwa nimeianza."

Sikuelewa. "Lakini ulinijibu."

"Tulikubaliana na kiongozi kwamba nikimaliza nitapiga pigo moja zito, ndipo waingie."

"Na ulijua wataingia?"

"Nilijua. Sasa ningekuacha umesimama pale?"

"Mimi nilimfuata yeye tu," Owuor alisema.

Kusoma kwangu kote hakukunisaidia, maana sikuwahi kumuuliza aliyekuwa akiupiga muziki huo chumba cha pili. Nairobi hawajamwita. Ila juzi alinipa habari kwamba okestra itapiga Eldoret, na kiongozi amekubali arudie muziki ule, pamoja na kile kitu chake kizima. Nikamwambia nimeapa, safari hii nitabaki dukani. Nikangoja aseme, hapana Baba, njoo.

Akasema, "Asante, Baba."