Kinu Kitupu

Harufu ya pumba za uwele mashineni hunirudisha mtaani kwetu Nkuhungu, mwaka ule wa ukame baba alipopunguzwa kazi. Mchana kila nyumba ilitwanga, lakini hewa haikunukia unga. Mama naye alitwanga kinu kitupu, majirani wasijue.

Siku moja mama mmoja jirani aliingia, akachungulia kinu.

"Mdogo wangu, watoto hawali mlio," alisema. "Hata changu kitupu."

Akatushika mikono mimi na wadogo zangu, akapita nyumba kwa nyumba akikusanya watoto. Nyuma yetu michi ilinyamaza mmoja baada ya mwingine. Tuliketi mbele ya ofisi ya kata, kimya. Hata wachanga hawakulia.

Ofisa alitoka. "Mnataka nini?"

"Watazame tu, baba," alisema yule jirani.

Alitutazama, kisha akaingia ndani kuchukua funguo za ghala la mahindi ya serikali.