Mvua Aliyoiona Jaji

Nilipotoka kwenye ukumbi wa tuzo kule Nairobi mikono mitupu, sikuwa nimekasirika bado. Hasira ilinikuta mlangoni. Mwenyekiti wa majaji, mzee mmoja wa tai nyekundu na manukato ya bei, alinishika mkono kwa mikono yake miwili akaniambia, "Binti yangu, usife moyo. Filamu yako ni nzito. Ile mvua ya mwisho ilinitoa machozi."

Filamu yangu haina mvua.

Haina hata tone. Ni hadithi ya mwanamke anayechimba mchanga wa mto uliokauka akitafuta maji, na mwishowe anakaa kando ya shimo kavu na mtungi mtupu, jua likimchoma utosi. Tuliishuti karibu na Mbumbuni, mwaka ambao mbaazi zilikauka zikiwa bado na maua. Mvua iko kwenye bango peke yake: mawingu meusi nyuma ya kichwa cha mwanamke, kwa sababu jamaa aliyenichorea alisema jua tupu haliuzi. Kumbe mzee alikuwa ametazama bango, akatuhukumu nalo. Nilimwambia asante, nikatabasamu mpaka mashavu yakaniuma.

Ng'ambo filamu hiyo hiyo ilisifiwa sana. Wakosoaji waliiandikia mambo makubwa, na kwenye tamasha moja watu walisimama wakapiga makofi hadi nikaona aibu. Huku nyumbani iliteuliwa katika vitengo kibao, halafu tukakaa pale tukiwapigia wengine makofi. Karibu kila kitu kilichukuliwa na kichekesho cha bwana harusi aliyetumbukia chooni. Sina ubaya na vichekesho, hata mimi nilicheka. Lakini tuzo ya mwigizaji bora wa kike nayo impite mama mdogo? Jamani!

Mwanamke wa shimoni ni mama yangu mdogo, aliyenilea, mkulima wa Tawa. Kabla ya hapo alikuwa ameigiza michezo ya Krismasi kanisani tu. Kwa ajili ya tuzo alishonesha gauni la bluu na kusuka nywele, na wanawake wa kanisa wakamwombea kabla hatujaondoka. Tukiwa njiani kurudi hakulia. Aliniuliza tu, "Nilikosea wapi?"

"Hukukosea, mwaitu," nikamjibu. Ndivyo tunavyomwita mama huku kwetu.

"Kama sikukosea, wangenipita hivyo wote? Ungetafuta mwigizaji wa kweli. Mimi nimekuharibia kazi."

Nilimweleza habari ya mvua, akadhani nimeitunga ili nimfariji. Tangu hapo hakutaka filamu itajwe nyumbani. Wenzake wakimtania sokoni, "Staa, tununulie soda!" anainamisha macho. Hata kwaya aliacha, ati asisimame mbele za watu tena. Hilo la kwaya ndilo lililoniwasha moto. Kunyimwa tuzo ningemeza. Kumwona mama mdogo akijiondoa mbele za watu kwa sababu ya mzee asiyetazama filamu, aka, hilo lilinikwama kooni.

Nikampigia mzee simu kwa sauti ya asali. Nikamwambia watu wa Tawa wanatamani kumkaribisha awe mgeni wa heshima: tutaonyesha filamu kanisani, na yeye aseme machache kabla haijaanza. Alikubali kabla sijamaliza kusema. Na mgeni wa heshima huku kwetu hakatizwi, habishiwi, wala haondoki kabla hajala. Heshima hizo zote nilizihesabia upande wangu.

Alifika Jumamosi mchana na tai yake nyekundu. Tulikuwa tumeziba madirisha ya kanisa kwa mablanketi, shuka jeupe limetandazwa ukutani, na mabati juu yakitupika. Nilimpa kiti cha mbele kabisa, mchungaji kulia kwake, mama mdogo kushoto. Mama mdogo alikuja kwa shingo upande, baada ya mimi kumbembeleza hadi nikapiga magoti. Mzee akavishwa kiondo shingoni, akaimbiwa, kisha akapewa maikrofoni.

Nilikuwa nyuma na kamera yangu. Kinachonilisha ni video za harusi za Mwingi, na kwa mazoea huwa nawasha kamera sala ya kwanza ikianza na kuizima sahani zikikusanywa.

Mzee aliongea vizuri, sitamnyima hilo. Alisifu sanaa, akasifu ukame, akatusifu sisi. Kisha akaweka mkono kifuani. "Na itakapofika ile mvua mwishoni," akasema, "msione haya kulia. Mimi nililia."

Nusu ya waliokuwemo walichimba ule mchanga pamoja nasi. Waliangaliana. Nikasikia mwanamke mmoja akisema polepole, "Asi! Mvua gani?" Hakuna aliyembishia mgeni. Walipiga makofi, filamu ikaanza.

Sijawahi kufurahia kazi yangu namna ile. Sikutazama shuka hata kidogo, nilitazama kisogo cha mzee. Kadiri jua la kwenye filamu lilivyozidi kuwaka, ndivyo alivyozidi kujipangusa shingo. Mwisho ukafika. Shimo kavu, mtungi mtupu, uso wa mama mdogo, giza.

Mchungaji wetu ni mtu mwema mno. Kwake yeye, mgeni wa heshima hawezi kusema uongo ndani ya kanisa, kwa hiyo mashine ndiyo imekosea. Akasimama. "Binti yetu, naona umeruka mahali. Rudisha nyuma kidogo, mgeni aone mvua yake."

Nikarudisha. Shimo, mtungi, uso, giza.

"Bado," akasema mchungaji. "Rudisha tena. Labda ni waya."

Nikarudisha tena, taratibu, kwa utiifu wote. Safari hii kuna aliyecheka, akajiziba mdomo kwa leso. Mzee alianza kuinuka. Mchungaji akamshika bega kwa upole: "Tulia mheshimiwa, tutaipata tu."

Hapo ndipo mama mdogo alipomgeukia. "Baba, ulikuwa unanihukumu mimi," akasema. "Niambie bila kunificha. Nilikosea wapi?"

Mzee alimtazama, kisha akatazama kiondo kilichomning'inia kifuani. Maikrofoni ilikuwa bado mkononi mwake, na nafikiri aliisahau, maana kanisa zima lilimsikia.

"Hukukosea, mama. Sikuitazama," akasema. "Filamu zilikuwa nyingi. Hizi nzito tuliziacha za mwisho, halafu tukachoka. Hakuna aliyeitazama."

"Hakuna hata mmoja?"

"Hakuna."

"Na leo umeiona?"

"Nimeiona. Wewe ndiwe uliyestahili ile tuzo."

Woi! Kelele zilizopigwa mle ndani sijui nizielezeje. Mchungaji aliketi kama mtu aliyevutiwa kiti. Mimi nilitaka kuruka, nilitaka kumzomea mzee, nilitaka afunguliwe mlango aende zake na aibu yake njaa ikimuuma. Mama mdogo akainua mkono, watu wakatulia. Kwanza aliagiza mgeni aletewe muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, pamoja na nyama, sahani iliyojaa, pale pale alipoketi. Mzee akaipokea, hakuwa na la kufanya.

Kisha mama mdogo akasimama mbele za watu wote, shingo imenyooka, akanitafuta kwa macho kule nyuma.

"Umechukua hayo aliyoyasema?"

"Nimechukua yote, mwaitu."

"Basi weka hapo ukutani," akasema. "Na akimaliza kusema, rudisha nyuma kidogo, mgeni aone."

Nikachomeka waya.