Baiskeli ya Baba na Gia ya Pili

Sisi tuliokulia Likasi wakati king'ora cha usine, kiwanda cha shaba, kilipokuwa ndiyo saa ya mji mzima, tulikuwa na mambo yetu. Kikilia cha asubuhi, mama anapuliza makala, yaani makaa, jikoni. Kikilia cha mchana, sufuria ya bukari, ugali wetu, inashushwa. Kikilia cha jioni, kila mtoto anajua kwamba miguu inatakiwa iwe imeshaoshwa. Hewa ilikuwa na ukali wa asidi uliokwaruza koo, mabati yakaliwa na kutu kabla ya umri wake, na sisi tulipanda vichuguu na kuokota mawe ya kijani bila kujua kwamba siku moja watu wangeyagombania. Tulikula sombe, yaani kisamvu, na samaki wa ziwa Tshangalele, tukanywa munkoyo, kinywaji cha mahindi, watoto wanne kikombe kimoja, na hakuna aliyeuliza nani ametangulia kuweka mdomo. Nayakumbuka hayo kwa furaha. Lakini kila nikianza kuyasimulia, mbele kidogo tu nakutana na baiskeli ya baba, na furaha inaniishia.

Baba alikuwa fundi wa pampu usine. Mama hakuwahi kumwita kwa jina lake alilobatizwa. Alimwita Baba Febronie, kwa kuwa mimi Febronie ndiye mtoto wa kwanza, na alilivuta jina hilo kwa namna yake, nusu utani nusu kubembeleza. Akilisema kutoka jikoni, baba anaacha lolote analofanya na kuitika. Mimi nilijisikia mkubwa. Nilidhani baba bila mimi asingekuwa na jina.

Baiskeli yenyewe, au kinga kama tunavyoiita kwetu, baba aliachiwa na mkubwa wake wa kazi aliyerudi kwao Ulaya. Ilikuwa nyeusi, nzito, na ilikuwa na gia tatu ambazo huzioni. Zilifichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Kwenye usukani palikuwa na kishikio kidogo chenye namba moja, mbili, tatu, na kutoka hapo waya ulishuka hadi nyuma, ukaungana na kimnyororo chembamba kama cha rozari kilichoingia ndani ya ekseli. Majirani walikuwa wakija kuangalia. Wengine waliinama kutafuta meno ya ziada kwenye mnyororo mkubwa, wasiyaone, wakaondoka wakisema baba anatudanganya.

Jumamosi ilikuwa siku ya baiskeli. Baba aliipindua uani, magurudumu juu, akanipa kitambaa na chupa ya mafuta. Mdogo wangu Placide hakuwa na subira na vitu vidogo, kwa hiyo fundi msaidizi nilikuwa mimi, msichana wa miaka kumi na mbili mwenye magoti yaliyochubuka kwa nzango, mchezo wetu wa kuruka na kurusha miguu. Mjue kwamba enzi zetu mtoto alifundishwa kazi kwa kushikishwa spana. Vijana wa sasa baiskeli ikilia kidogo wanaongeza muziki wasiisikie.

Gurudumu la nyuma ukishalitoa na kulirudisha, halikai tena pale pale lilipokuwa. Likisogea mbele hata kwa unene wa kucha, waya unalegea, na gia zinakosa mahali pao. Kwa hiyo kulikuwa na utaratibu, na baba hakuuruka hata siku moja. Unaweka kishikio kwenye mbili kwanza. Kisha unachungulia kwenye kitundu cha nati upande wa kulia, uone kale kachuma kanakovutwa na kimnyororo. Kanatakiwa kawe sawasawa na mwisho wa ekseli. Kakiwa kameingia ndani, waya umelegea, unakaza. Kakiwa kametokeza nje, umekaza kupita kiasi, unalegeza. Halafu unajaribu gia zote tatu, kwanza kwa mkono, kisha juu ya baiskeli ikiwa haijabeba kitu.

Alinieleza pia sababu. Katikati ya mbili na tatu pana mahali patupu. Waya ukilegea, ukaweka mbili, unaangukia hapo. Ukikanyaga polepole unaweza usijue. Ukikanyaga kwa nguvu, pedali inazunguka bure, na mguu unashuka na mwili wako wote.

Mama alipokuwa na mimba ya miezi minane, baba alikuwa akimpeleka maternite, hospitali ya wazazi, kwenye kiti cha nyuma, juu ya mto alioushona mwenyewe kwa gunia. Siku ile ilikuwa ya kupimwa. Baba alikuwa ametoka zamu ya usiku na alikuwa bado amelala, na gurudumu la nyuma lilikuwa limetoboka. Mama akataka kumwamsha. Nikasema mwacheni alale, nitalitengeneza mimi.

Nilitoa gurudumu, nikapiga kiraka, nikapiga pampu. Kazi nzuri kabisa. Nje ya ua wasichana wa mtaa walikuwa wamepanga nzango, timu yetu ilikuwa inaongoza, na walikuwa wakiniita. Nikarudisha gurudumu, nikakaza nati. Waya niliuunganisha kishikio kikiwa kwenye tatu, kwa sababu hapo unakuwa mlegevu na haukusumbui vidole. Nikazungusha pedali kwa mkono mara moja, gurudumu likazunguka. Sikuweka mbili. Sikuchungulia kwenye kitundu. Nikanawa mikono.

Baba aliamka, akaja uani, akaona gurudumu lipo. Akaniuliza, "Ulisha kujaribu?"

"Nilisha kujaribu, baba. Zote tatu."

Akanishika kichwa, akafurahi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuinama kuangalia. Mama akapanda, akaushika mto kwa mkono mmoja na shati la baba kwa mkono mwingine. Mimi nikakimbilia nzango, na tulishinda, Mungu anisamehe, tulishinda na nikaimba.

Waliyoyapata niliyajua baadaye. Kwenye tambarare baba alikwenda na gia ya tatu, salama. Baada ya kuvuka reli pana mlima, ule ambao leo malori ya kwenda Kamatanda yanaujaza vumbi. Baba akaweka mbili, akasimama juu ya pedali ili asukume uzito wa watu wawili na nusu. Pedali ikazunguka bure. Akaanguka upande, baiskeli ikaanguka naye, na mama akaangukia tumbo.

Mtoto alizaliwa siku ile ile. Alikuwa wa kiume. Hakulia.

Wajomba zangu, kaka za mama, walikuja wote watatu, wakakaa sebuleni bila kuvua viatu. Kwetu mke akiumia mikononi mwa mume, ndugu zake hawaji kutoa pole tu, wanakuja kuuliza. Walimuuliza baba ilikuwaje. Nilikuwa nyuma ya pazia la mlango. Nilijua atanitaja. Nilijiandaa kwa fimbo, nilijiandaa hata kupelekwa kwa bibi kijijini. Baba akasema, "Kosa ni yangu. Sikuangalia." Wakampa maneno ya kila aina, kwamba anapenda chuma cha Wazungu kuliko dada yao, wakamtoza mbuzi na kitenge, na akavitoa vyote akiwa amesimama.

Mama alirudi kutoka maternite amekonda uso. Alipika, alifua, alikwenda misani. Jambo moja tu aliliacha. Hakumwita tena Baba Febronie. Akimtaka kitu, alisema "weye". Weye, chakula. Weye, kuna mtu mlangoni. Mwanzoni baba alikuwa akisimama kidogo kabla ya kuitika, kama anasubiri jina limaliziwe. Baadaye akazoea.

Jumamosi iliyofuata mazishi, baba aliipindua baiskeli uani na kuniita. Nilidhani siku yangu imefika. Akaniambia nilitoe gurudumu na kulirudisha mwenyewe. Nikafanya. Niliangusha nati mara mbili. Niliweka mbili, nikachungulia, nikakaza, nikachungulia tena, nikajaribu zote. Kisha akaniamuru nipande nyuma, juu ya mto ule ule wa gunia. Tukaenda. Tulipovuka reli nikajua tunakokwenda, nikaanza kulia bila sauti. Akaweka mbili, akasimama juu ya pedali, akakanyaga kwa nguvu zake zote mlima mzima, na mimi nikasikia kila jino ndani ya kile kitovu likishika.

Juu kabisa alisimama, akapumua. Hakugeuka. Akasema, "Sasa ulisha kujaribu." Kisha akasema, "Mama yako asijue. Alisha kupoteza mutoto mumoja, asipoteze wa pili."

Ndiyo hivyo nilivyokua. Nilisoma, nikaolewa, nikazaa, nikawa mwalimu, na kila mlo wa Jumapili kwa wazazi wangu nilimsikia mama akimwita baba weye, na baba akiitika. Kuna nyakati nilitaka kusema. Baba alikuwa anazijua. Aliniangalia tu juu ya sahani, nami nikanyamaza. Nilijiambia namtii mzazi. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa, na utii ulinifaa.

Baba amefariki mwaka huu, kwa ugonjwa wa kifua, kama wengi waliovuta hewa ile. Kwenye kilio watu walikaa uani chini ya turubai, na mjomba wangu mkubwa, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, alisimama kumsemea marehemu. Alimsifu kwa haki. Mwisho akaongeza, "Shemeji alikuwa muntu muzuri. Ila ile kinga yake ndiyo iliuaka mutoto wetu." Watu wakatikisa vichwa. Mama alikuwa kwenye mkeka, ameegemea ukuta, macho chini.

Nilisimama. Sikujua kama nimesimama hadi nilipoona watu wananiangalia.

"Mujomba, ile kinga ni miye niliitengenezaka. Baba aliniuliza kama nilisha kujaribu, nikasema ndiyo. Nilimudanganya. Yeye alijua, akakubali kosa juu yake."

Mjomba alikaa. Nilimgeukia mama nikitarajia anitukane, anifukuze, aseme lolote ambalo nililikwepa tangu nina miaka kumi na mbili. Hakuniangalia kabisa. Aliangalia picha ya baba iliyowekwa juu ya kiti, na midomo yake ikachelewa kidogo kabla ya kufunguka.

"Baba Febronie," alisema. "Baba Febronie, juu ya nini haukuniambia?"

Aliendelea kuliita jina hilo hadi wanawake wakaja kumshika. Alilivuta vile vile kama zamani, na mimi nilibaki nimesimama na jina langu likilia ndani ya kinywa chake.

Baiskeli iko kwangu sasa. Watoto wa siku hizi wanaicheka, wanasema ni nzito kama kitanda, wao wanapanda pikipiki watu watatu na mama mjamzito katikati, dereva simu sikioni, na hakuna anayemuuliza kama breki ameziangalia. Ninawafokea, wananiita mwalimu hata barabarani, wanacheka. Siwalaumu sana. Mimi nilikuwa na baba aliyenifundisha kila kitu hatua kwa hatua, na bado nilikimbilia nzango.

Mama anaishi nami. Hajanisamehe kwa maneno, wala hajaniadhibu. Jumamosi ninaipindua baiskeli uani, ninaweka mbili, ninachungulia kwenye kitundu, na kachuma kako sawasawa na mwisho wa ekseli. Mama akisikia pedali inazunguka, anasema kutoka barazani, "Baba Febronie." Zamani baba alikuwepo, akalisubiri jina hilo hadi nywele zikawa nyeupe, akalikosa. Sasa linaitwa kila Jumamosi, na hayupo wa kuitika, kwa hiyo ninaitika mimi.