Fundi Aliyepita Juu ya Chokaa Mbichi

Haya niliyaona mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Ukitaka kucheka, cheka sasa, halafu unyamaze unisikilize.

Nilikuwa mwashi pale Kasongo, wakati wa Wabelgiji. Bwana Administrateri, mkubwa wa wilaya, alitaka ofisi yake ifanane na nyumba ya baraza ya mji wao huko Ulaya: matao mbele, madirisha membamba yenye ncha, na mnara wa kengele juu. Ijumaa moja, adhuhuri, wenzangu walikwenda kuswali, shemeji yangu Ramazani akiwemo. Mimi Mkristo nikabaki kulinda chokaa mbichi tuliyokuwa tumeitandaza sakafuni.

Akatokea mzungu mzee, amejifunga kiunoni ngozi ya fundi wa mawe, vumbi la mawe hadi kwenye kope. Akanisalimu kwa Kibangubangu. Kibangubangu, wewe! Tena kile cha zamani, alichokuwa akisema nyanya yangu kule Wamaza. Mzungu gani angekijua?

Akapapasa tao, akatabasamu. "Ile nyumba ya kule naijua. Babu zetu waliianza, wajukuu wakaimaliza. Moto uliila, ikajengwa tena. Kengele ikilia, watu wa mji wanakuja kusema neno lao, hata mfalme anangoja. Hapa itawaita kufanya nini?"

"Kodi, mzee," nikamjibu. "Na fimbo."

Akatazama juu mnarani. Kisha akasema, "Mimi kengele iliniangukia. Siku ya kuipandisha hii yenu, mtu wako asisimame chini."

Akaondoka, akipita juu ya chokaa. Nikatazama: hakuna alama, hata ya kidole. Niamini, niliigusa kwa kidole, bado mbichi.

Siku ya kuipandisha, Ramazani alikuwa chini akiongoza kamba. Nikamwita.

"Niache, shemeji, kazi iko mingi!"

Nikamvuta shati hadi likachanika. Alikuwa bado ananitukana kamba ilipokatika. Kengele ikazama udongoni, palepale alipokuwa amesimama.

Waliipandisha tena, ina ufa, ikilia kama sufuria. Ramazani yuko, ana wajukuu. Mimi niliacha uashi, nikalima mpunga. Hofu iliisha zamani. Lile swali la mzee, kengele itawaita watu kufanya nini, halikuisha. Kila kengele ilipolia na watu wakatoka majumbani wameinamisha vichwa, nililisikia upya, na jibu langu likanichoma.

Nawe, mtu usiyemjua akikuonya juu ya mtu wako, usipoteze muda kuuliza ametoka wapi. Mvute mtu wako kwanza.