Jibu Nililompa Karani

Karani wa utafiti alinikuta nikichuma muguka, majani ya kutafuna tunayouza, nyuma ya nyumba. Alikuwa msichana mpole kutoka Embu mjini, ametumwa na wasomi wanaochunguza jinsi watu wanavyozaliwa, wanavyougua na wanavyokufa huku kwetu kwenye ukame. Alinieleza kwamba wengi wetu hufia nyumbani bila daktari kuandika sababu. Kwa hiyo wao huwauliza waliobaki, swali kwa swali, kisha madaktari husoma majibu na kutafuta kilichoua. Nilimpa kigoda kivulini.

Aliniuliza kuhusu mama, maana walikuwa wakiuliza hata vifo vya miaka ya nyuma. Alikuwa na homa? Kikohozi? Miguu ilivimba? Nilijibu kweli tupu. Kisha akasoma kwenye tableti yake, "Marehemu alikuwa mjamzito, au alikuwa amejifungua karibuni?"

"Hapana," nikasema.

Aligusa kioo, kurasa zikaruka. Niliziona kwa macho yangu. Maswali yote ya mimba yalipita bila kusomwa, na mara tukawa tunaongea habari za maji ya kunywa na aina ya choo.

Mama alikufa kwa mimba. Baba alikuwa kaburini mwaka wa tatu, nami nilikuwa na miaka kumi na minne. Mama mdogo, dada yake mama, alifika kabla hata hatujamfunika shuka. Akanishika mabega. "Ukiulizwa, sema tumbo lilimuuma. Baba zako wadogo wakisikia mjane wa ndugu yao alikuwa na mimba, watasema akazikwe kwao, na nyinyi mtamfuata. Na kanisani hakuna atakayemwimbia."

Nikasema tumbo. Mama alizikwa kando ya baba, kwa nyimbo, na shamba likabaki letu. Niliacha shule darasa la saba nikachuma muguka, wadogo zangu wawili wakasoma. Nimesema tumbo mara nyingi mno. Kuna siku nilikuwa nikiamini mwenyewe.

Mwaka huu wasomi walirudi kutueleza walichopata. Tulijaa kanisani. Naibu wa chifu alitangaza kwa fahari kwamba kazi yao imesifiwa hadi ng'ambo, na kwamba kiongozi wao, daktari mmoja mwanamke, mzaliwa wa Mitunguu, si mbali na kwetu, amepewa tuzo. Tulipiga makofi kana kwamba ni binti yetu.

Mzee mmoja akapaza sauti kutoka nyuma. "Daktari, mlituuliza mpaka choo! Mimi nilidhani mnanitafutia mke!"

"Mzee, choo chako kilitusaidia kuliko wewe," daktari akamjibu, na kanisa zima likacheka.

Kisha akaonyesha ramani ukutani. Kila nukta nyekundu ilikuwa mama aliyekufa kwa uzazi. Vijiji vya ng'ambo ya mto vilikuwa na nukta. Chetu kilikuwa cheupe. Alisema kaunti itaitumia ramani hiyo kujenga nyumba ya kungojea, mahali ambapo wajawazito wa mbali watalala karibu na zahanati siku zao zikikaribia. Itajengwa ng'ambo. Sisi, akasema, tumshukuru Mungu.

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa ameketi kando yangu, akiwa na mimba ya miezi saba. Alikuwa amerudi kutoka mtaa wa Majimbo, mjini, ambako alifanya kazi za nyumbani. Alipigia makofi ule weupe. Mvua ikinyesha, mto wetu hauvukiki.

Watu walipotoka kwenda kunywa chai, nilimfuata daktari. "Kuna nukta haipo," nikamwambia.

"Ya nani?"

Nikamweleza. Hakunikemea. Alisema ramani iliyokwisha kuchapishwa haibadiliki kwa neno la mtu mmoja, na nyumba hawezi kuniahidi. Lakini karani wao, aliyekuwa hapo, angeniuliza upya, tangu mwanzo, naye daktari angepeleka majibu hayo kaunti. "Uko tayari sasa hivi?"

Mdogo wangu alikuwa amefika na vikombe viwili vya chai. "Tayari kwa nini?"

Ningeweza kumtuma mandazi. Nikamwambia aketi.

Safari hii nilijibu ndiyo, na kurasa hazikuruka. Damu ilianza kutoka lini? Asubuhi, tukipepeta ndengu. Alipelekwa hospitali? Hapana. Kwa nini?

"Alikataa. Alisema watu watamwona."

Nani alikuwa naye? Mimi. Kwa muda gani? Mpaka mbuzi waliporudi.

Mdogo wangu aliweka vikombe sakafuni, chai ikamwagika kidogo. "Uliniambia tumbo."

"Ulikuwa mtoto."

"Sasa mimi ni mtoto?" Alisimama. "Kliniki waliniuliza kama mama au dada yangu aliwahi kutokwa na damu akizaa. Nikawaambia hapana. Nikaapa! Wameandika kwenye kitabu changu."

Miaka yote nilijiambia kwamba uongo ule unatulinda, nami nilikuwa nimemwachia yeye aubebe bila kujua.

"Kesho tutaenda warekebishe," nikasema.

"Nitaenda mwenyewe."

Karani alitutazama mmoja baada ya mwingine, akauliza kama tupumzike kwanza.

"Endelea," mdogo wangu akamwambia, akiwa bado amesimama, mkono mgongoni. "Mwulize yote, nisikie."

Karani akauliza kama mtoto alilia alipozaliwa.

Nikasema alilia kidogo, akafa kabla ya mama, tukawafunika shuka moja.